Si lazima kupanda tena papo hapo baada ya kuanguka

Ndugu, ushauri kwamba aliyeangushwa na farasi apande tena siku hiyo hiyo ili hofu isimkae haufai kwa aliyegonga kichwa, kwa sababu dalili za mtikisiko wa ubongo, kama kichefuchefu, kizunguzungu na kusahausahau, zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa au hata siku. Aanze na daktari. Kwa aliyepo hapa Tabora mjini, hospitali ya Kitete ipo karibu. Kofia ngumu aliyoanguka nayo ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Nilitunza farasi kaskazini kabla ya kuhamia huku, na niliowaona wakirejea vizuri walianzia chini: kumpiga farasi brashi, kumtandika, kumwongoza kwa miguu, kisha kupanda farasi mpole aliyeshikwa na mkufunzi kwa kamba ndefu, kwa mwendo wa kutembea tu, hadi mwili ulegee na pumzi zitulie. Chanzo cha kuanguka nacho kichunguzwe, maana mkanda wa tandiko uliolegea au mgongo wa farasi unaouma hautibiwi kwa ujasiri wa mpandaji.

Tatizo la kwetu ni kwamba farasi ni wachache, kwa kuwa mbung'o wa misitu ya miombo huwaambukiza ugonjwa wa nagana, na wakufunzi ni adimu vilevile. Kwa hiyo ni heri kusubiri hadi umpate msimamizi kuliko kujaribu peke yako.