Gari la kwenye video na kishika uchumba cha milioni 3

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Mbagala, ni dereva bodaboda. Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inasema ni maonyesho ya magari Geneva mwaka huu, kampuni tatu sijawahi kuzisikia zinazindua gari za spoti, kuna moja nyekundu milango inafunguka kwenda juu kama mbawa. Sasa jamaa wa mtaani anasema yeye ndo wakala wao hapa Dar, bei milioni 45 mpaka mkononi, ila utoe kishika uchumba cha milioni 3 kabla ya mwisho wa mwezi uingie listi ya kwanza. Shemeji yangu keshatoa. Na mimi hela ninayo, nitoe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitoe hata mia. Na ukimaliza kusoma hapa mpigie shemeji yako.

Hiyo video nimeitazama mara nne. Maonyesho ya Geneva yalianza 1905 na ya mwisho pale mjini yalikuwa 2024, baada ya hapo waandaaji wakatangaza kwamba basi, hayaendelei, kwa hiyo hayo ya mwaka huu sijui wameyafanyia wapi. Halafu angalia rimu ya ile nyekundu, mwanzo ina nati tano, gari ikigeuka zinakuwa saba, na kale kamaandishi kwenye nembo ya mbele ukikavuta karibu hakasomeki kwa lugha yoyote. Hiyo ni akili mnemba imechora. Gari hakuna, kampuni hakuna, ukumbi hakuna.

Najua kwa nini watu wanaingia, maana hata mimi gari kali likiwekwa kwenye taa moyo unaenda mbio, na kweli kampuni za ukweli nazo huwa zinachukua oda kabla gari halijaisha. Lamborghini mwaka 1965 walipeleka kwenye maonyesho ya Turin, Italia, chesisi tupu na injini, bodi hakuna kabisa, na wateja wakaanza kuitaka hivyo hivyo, gari lenyewe likaonekana Geneva 1966 ndo ile Miura. Hiyo iliisha vizuri. Lakini msikilize huyu mwingine. Mwaka 1988 Jaguar walionyesha XJ220 kwenye maonyesho ya Birmingham, silinda 12, nguvu inaenda matairi yote manne, milango inapanda juu, watu wakachanganyikiwa, matajiri wakaweka kishika uchumba pauni 50,000 kila mmoja. Gari lilipoanza kutoka 1992 silinda zimebaki 6 na tabo (turbo) mbili, linasukuma matairi ya nyuma tu, milango ya kawaida, bei imepanda, na uchumi wa dunia umeyumba. Lilikuwa gari la ajabu bado, mwaka huo huo lilifika kilometa 341 kwa saa, lakini wateja wengi walitaka kujitoa, ikafika mpaka mahakamani, na waliokuwa wamepanga kutengeneza 350 hata 300 hazikufika. Sasa hiyo ni kampuni yenye kiwanda, ina ofisi unayoweza kuishtaki, je huyo wa mtaani kwenu ukimkosa kesho unaenda kugonga wapi?

Na hesabu tuipige. Gari likishuka bandarini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake VAT asilimia 18, achilia mbali ushuru wa bidhaa na gharama za kutoa mzigo. Ukiigawa milioni 45 kwa 1.25 halafu kwa 1.18 kuyatoa hayo mawili tu, bei ya gari pamoja na meli inabaki kama milioni 30 na kidogo. Gari jipya la spoti, kutoka Ulaya, milioni 30? Haiwezekani, hiyo ni hela ya mtu anayeagiza gari lililotumika Japani.

Mwambie akupe namba ya chesisi. Gari jipya la Ulaya linakuwa na herufi na tarakimu 17, na ndani yake hukuti I, O wala Q. Za Japani zilizouzwa kwao zinakuwa fupi zaidi, usije ukadanganywa hapo. Akianza kuzunguka, ondoka.

Shemeji asifute chochote, meseji za muamala, sauti, namba za simu, vyote aende navyo polisi leo leo, asisubiri mwisho wa mwezi.

SWALI: Fundi mambo. Kijiweni Sinza tunabishana, wengine wanasema Supra mpya, ile gari ya spoti, si Toyota ni BMW. Kweli?

JIBU: Poa. Wote mna haki kidogo. Toyota walionyesha gari la mfano Detroit Januari 2014, linaitwa FT-1, likaja kuwa Supra ya kuuzwa Januari 2019 hapo hapo Detroit, miaka mitano kamili. Katikati walishirikiana na BMW, injini ya silinda 6 ni ya BMW, chini linafanana na Z4, gari la spoti la BMW, na yote mawili yalikuwa yanaundwa kiwanda kimoja Graz, Austria. Ila sura, ile pua na mabega ya nyuma, ni ya FT-1, na ukiziweka picha zao pembeni utaona vilivyopungua. Mimi bado naipenda.