Iago alikuwa na shida gani na Othello?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Ujiji hapa Kigoma, tuna kikundi chetu cha maigizo tunaandaa Othello ya Shakespeare na mimi nimepewa Iago. Nashindwa kumcheza maana sielewi anataka nini hasa. Wenzangu wengine wanasema ni cheo tu, wengine eti wivu wa mke. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wote wamesoma vizuri na ndo tatizo lenyewe, maana Iago anazitaja zote. Anaanza kulalamika Othello, jemadari wao, kampa unaluteni Cassio, mtu wa vitabu asiyejua vita, yeye kabaki mshika bendera. Sawa, inauma. Lakini akibaki peke yake jukwaani anasema anamchukia Othello NA kuna maneno kwamba katembea na mkewe Emilia. Hasemi "kwa sababu", anasema "na", halafu hapohapo anakiri hajui kama ni kweli ila ataichukulia hivyohivyo, yani mimi hapo kila nikifika nafunga kitabu kidogo. Baadaye eti na yeye anampenda Desdemona, mke wa Othello, mara anamshuku na Cassio kwa Emilia huyohuyo.

Hapo Kibirizi mwaloni niliwahi kumuona mtu anamchongea mwenzake kwa mwenye mtumbwi, wiki hii kaibiwa taa ya kuvulia dagaa, wiki ijayo jamaa ana dharau, mara anamwangalia mke wangu. Chuki ilikuwepo siku nyingi, sababu alikuwa anaziokota njiani.

Na Shakespeare kafanya makusudi. Hadithi aliyoitumia, ya Cinthio wa Italia, ilichapwa 1565 na humo mshika bendera anamtaka Desdemona, anakosa, basi mapenzi yanageuka chuki. Sababu iko wazi kabisa. Shakespeare akaichukua akaivuruga.

Kwa hiyo usichague moja. Kila sababu iseme kama umeifikiria dakika hiyo na unaiamini, ikifika nyingine iamini hiyo. Tena fanyia kazi pale kwenye leso yenye stroberi, ile ya Desdemona aliyoiokota Emilia, Emilia anauliza unaipeleka wapi, we inyakue, "inakuhusu nini?", usimtazame usoni. Mwisho wakikubana useme kwa nini umemwangamiza Othello, Iago anajibu wasimuulize kitu, wanachojua wanakijua, na hatatamka neno tena. Ukishasema hivyo funga mdomo kweli, bado watu wanaongea na Othello hajajiua, na we simama tu hapo mpaka wakutoe.