Kikao nilicholipia nikiwa msibani

Mwaka wangu wa pili wa kwenda kwa mchambuzi wa nafsi (psychoanalyst, mtu unayemlipa akusikilize ukisema yaliyo moyoni) hapa London, nilikosa kikao cha Jumatano kwa sababu nilikuwa Birmingham kumzika binamu yangu. Mwisho wa mwezi bili ikaja, na Jumatano ile imo.

Nilichukia! Nikampigia dada yangu Tanga, nikamlalamikia wiki mbili nzima kwamba watu hawa hawana utu. Kwa mchambuzi mwenyewe nikawa naingia, nalala kwenye kochi, nasimulia mambo ya kazini.

Usifanye hivyo. Ukiwa na hasira na mtu unayemlipa akusikilize, mpelekee yeye hasira hiyo, mle mle chumbani.

Kanuni yenyewe ya kulipia ni ya zamani. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi huu, aliiandika katika makala ya 1913: mgonjwa amekodi saa yake, asipoitumia atailipia tu. Mimi hadi leo naiona kali. Katika makala hiyo hiyo anakiri kwamba hukaa nyuma ya mgonjwa kwa sababu hawezi kuvumilia kukodolewa macho saa nane kwa siku. Nilipokwenda 20 Maresfield Gardens, nyumba aliyofia 1939 na ambayo sasa ni makumbusho, nikaliona lile kochi lenye zulia la Kiajemi na kiti chake kimejificha upande wa kichwani, nikacheka peke yangu. Kumbe na mganga ana haya zake.

Wiki ya tatu nikamwambia yote. Akanyamaza (ukimya wao, jamani, una kazi kuuzoea), kisha akauliza, "Nani mwingine aliwahi kukudai ukiwa na msiba?"

Nikamwona ami yangu kibarazani kwetu, siku ya tatu ya matanga ya baba, kanzu imenyooka kwa pasi, daftari la duka mkononi, akimsomea mama madeni. Mimi nina miaka 11, nimeshika birika la kahawa, sijui nimmiminie au nisimmiminie.

Kabla hujaanza, uliza taratibu za kikao ulichokosa, na uliza amesajiliwa wapi. Uingereza cheo cha mchambuzi wa nafsi hakilindwi na sheria, hata jirani yako anaweza kukibandika mlangoni. Aliyesajiliwa na British Psychoanalytic Council, baraza linalowasajili wachambuzi, angalau amefunzwa, na katika mafunzo hayo naye alichambuliwa.

Bili ile niliilipa. Kinyongo kilibaki kidogo, nacho nikamwambia.