Swichi ya SRAM na gia za Shimano

Pole, ndugu wa Mbale. Nimekuelewa: baiskeli yako ina gia 9 za Shimano nyuma, umefunga swichi ya SRAM (ya kubadilishia gia kwenye usukani), na sasa cheni inarukaruka.

Usibadilishe cheni wala kaseti (rundo la meno kwenye gurudumu la nyuma). Za gia 9 za kampuni hizo mbili huchanganyika vizuri. Nimepanda nazo hadi Kapchorwa. Kasoro ni swichi. Swichi nyingi za SRAM huvuta waya kwa kipimo ambacho mkono wa gia wa Shimano (ule unaosogeza cheni kule nyuma) haukifuati, hivyo ukirekebisha gia moja, nyingine inapotea. Tafuta swichi ya Shimano ya gia 9, hata kuukuu.

Kwa sasa usishuke mlima nayo, tafadhali! Cheni ikiingia kwenye spoku, gurudumu hukwama ghafla. Skrubu za kikomo, zile zinazozuia cheni isipite gia ya mwisho, mwachie fundi.