Maswali ya Macho: Dawa ya Jichoni Inafika Hadi Kifuani

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma mjini na pembezoni mwa ziwa, na zote zinauliza kuhusu dawa za matone za presha ya macho, yaani glakoma. Anayejibu ni muuguzi wa macho wa miaka mingi mkoani humo.

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi nauza mawese sokoni Mwanga. Mama yangu ana miaka 63. Alipimwa akaambiwa ana presha ya macho, akapewa chupa iliyoandikwa Timolol 0.5%, atie asubuhi na jioni macho yote mawili. Yeye anatia matone mawili au matatu kila jicho ili dawa ishike. Chupa inaisha mapema, basi anaazima kwa mzee jirani ambaye naye ana dawa ya macho. Sasa anataka kuacha kabisa, anasema haoni nafuu yoyote na macho yenyewe hayajawahi kumuuma. Kuna jambo jingine, sijui kama linahusu macho: tangu aanze dawa, usiku anabanwa kifua na kukohoa. Utotoni aliwahi kuugua pumu. Tumempa dawa ya maji ya kikohozi, haijasaidia. Je, tumwache apumzike kidogo na hiyo dawa ya macho?
*Binti wa Mwanga*

JIBU: Marahaba mwanangu. La kifua umeliweka mwishoni, mimi naanza nalo, na nakuomba ulifanyie kazi kabla hujasoma yaliyobaki. Mama asitie tone jingine la timolol. Mpeleke hospitali leo hii. Beba chupa yenyewe na daftari lake la kliniki, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe hili: mama aliwahi kuwa na pumu na anatia timolol. Ukiona anahema hata sentensi moja hawezi kuimaliza, au midomo inabadilika rangi, usisubiri daladala ijae. Kodi bajaji, mfike moja kwa moja chumba cha dharura.

Sasa nikueleze kwa nini. Timolol ni ndugu wa propranolol na atenolol, vile vidonge wanavyopewa watu wa presha na moyo. Kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua kuna tundu dogo la kupitishia machozi. Ndiyo maana mtu akilia pua inamvuja, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wakitia dawa jichoni wanasikia ladha chungu kooni. Dawa ikishuka hadi puani, ngozi laini ya mle ndani inaifyonza na kuiingiza kwenye damu, tena bila kupita kwanza kwenye ini kama inavyopita dawa ya kumeza. Kwenye mapafu inaweza kubana mirija ya hewa, na kwenye moyo inapunguza kasi ya mapigo. Mwenye kifua kizima na moyo mzima mara nyingi hata hajui kama imepita. Mwenye pumu, hata ile ya utotoni aliyokwisha kuisahau, inaweza kumbana vibaya sana. Mwenye moyo unaopiga polepole anaweza kupata kizunguzungu akaanguka. Na mwenye kisukari anayejidunga insulini ajue kwamba dawa hii huweza kuficha yale mapigo ya moyo ya haraka yanayomjulisha kuwa sukari imeshuka.

Kliniki tunauliza, "Mama, una ugonjwa mwingine wowote?" Anajibu, "Sina." Pumu ilimwacha kabla hajaolewa, kwa nini aitaje? Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno na linaniumiza, kwa sababu swali letu huwa fupi na foleni huwa ndefu. Ndiyo maana nawasihi ninyi watoto mnaosindikiza wazazi: andikeni PUMU kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari. Andikeni na kila kidonge cha moyo au presha anachomeza, maana vingine vikikutana na timolol vinaushusha moyo kupita kiasi.

Umeuliza kama apumzike. Timolol aiache kwa ajili ya kifua, lakini asirudi nyumbani kukaa bila dawa. Kuna latanoprost, tone moja la usiku, ambayo kwa kawaida haina tabu hiyo ya kifua. Kuna dorzolamide, kuna vidonge vya acetazolamide, kuna mwanga wa leza, kuna upasuaji. Daktari wa macho atachagua, lakini ni lazima achague na kitu fulani kianze. Wakikuambia tu "acha hii dawa", usiondoke kabla hujauliza, "Badala yake atumie nini, na kuanzia lini?"

Kuhusu kutoona nafuu, mama anasema kweli, na sitaki umbishie. Dawa hii haimfanyi mtu aone vizuri zaidi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Yakishindwa kutoka ipasavyo, msukumo wake unaumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu iliyokufa ya mshipa huo hairudi tena. Tone linapunguza msukumo ili sehemu iliyobaki isife. Aina ya glakoma tunayoikuta zaidi kwetu haiumi wala haifanyi jicho kuwa jekundu, nayo huanza kula uoni wa pembeni. Mama atakuona usoni vizuri mkikaa mnazungumza, lakini bodaboda inayotokea ubavuni haioni. Akisubiri jicho lenyewe limwambie kwamba dawa inafanya kazi, atasubiri hadi awe kipofu. Kinachosema ni kipimo. Presha ya jicho ya kawaida huwa kati ya 10 na 21, ingawa wapo wanaoumia hata wakiwa ndani ya hapo. Kila akipimwa ulizeni namba, muiandike, mlinganishe na ya safari iliyopita.

Nawe pia ukapimwe, mwanangu, pamoja na ndugu zako. Glakoma hutembea kwenye ukoo, na sisi watu weusi hutupata mapema na kwa ukali kuliko wengine. Ukiwa umefika miaka 40 usisubiri dalili.

Haya, yale matone matatu. Jicho halina nafasi ya kubeba hata tone moja zima. La pili na la tatu yanateremka shavuni au yanaingia kwenye lile tundu la machozi, yanakwenda puani na kifuani. Kwa hiyo mama hakuwa anaongeza nguvu ya dawa jichoni, alikuwa anaiongeza kwenye mapafu. Tena piga hesabu wewe unayeuza mawese: chupa ya mililita 5 inatoa matone mia na zaidi kidogo. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, ni manne kwa siku, au 112 kwa siku 28. Na siku 28 baada ya kufunguliwa ndiyo mwisho wa chupa nyingi za timolol, hata kama dawa imebaki. Kwa matone matatu anatumia 12 kwa siku, chupa haifiki hata siku kumi. Hapo ndipo kuazima kulipoanzia.

Na kuazima huku kunanitisha kuliko unavyodhani. Kwanza, ncha ya chupa iliyogusa jicho la mtu hubeba vijidudu vyake. Pili, "dawa ya macho" si jina la dawa. Je, mmewahi kusoma chupa ya huyo mzee? Kwenye maduka ya dawa watu wananunua kiholela matone ya kuondoa wekundu na muwasho yaliyochanganywa na deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Jicho linatulia upesi, mtu anafurahi, anaendelea kutia miezi. Dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha ya jicho, na nimeona vijana wakipoteza uoni kwa dawa waliyoinunulia muwasho tu. Zina kazi yake zikiandikwa na daktari na jicho likipimwa. Mgonjwa wa glakoma kuzitia kwa kuazima ni hatari tupu. Nenda na chupa ya mzee pia, muionyeshe.

Dawa mpya ikipatikana, msimamie mama hivi. Anawe mikono kwa sabuni. Aketi au alale chali, atazame juu. Avute kope la chini kidogo hadi pafanyike kijifuko, adondoshe tone moja bila ncha kugusa jicho wala kope. Kisha afumbe jicho taratibu, asipepese, asilikaze, na aweke kidole kwenye kona ya upande wa pua, abonyeze kidogo kwa dakika mbili. Kidole hicho kinaziba njia ya kwenda puani, dawa inabaki jichoni. Hakigharimu kitu, na bado wagonjwa wengi hawajawahi kuonyeshwa. Akipewa dawa mbili tofauti, apishanishe dakika 5, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Mikono ikitetemeka, mtie wewe au mjukuu. Akisahau dozi, atie anapokumbuka. Kama nyingine imekaribia, aiache iliyopita, asitie mbili kufidia.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga. Nimeandikiwa latanoprost tone moja kila usiku, nikaambiwa niiweke kwenye friji. Usiku niko ziwani na taa, nyumbani sina friji. Nifanyeje?
*Mvuvi*

JIBU: Kaka, "usiku" hapo haina maana ya saa nne kamili. Chagua saa unayoweza kuishika kila siku, mathalani saa kumi na mbili jioni kabla hujashuka mwaloni, mikono ikiwa safi, na uishike hiyo hiyo hata siku za mbalamwezi ambazo hamwendi ziwani. Usitie mara mbili kwa siku ukidhani unaongeza nguvu. Latanoprost ikizidi mara moja kwa siku, nguvu yake hupungua.

Friji ni kwa chupa ambayo haijafunguliwa, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Muombe mwenye famasi akutunzie, uchukue moja tu unapoifungua. Iliyofunguliwa hukaa nje ya friji wiki 4 hadi 6 kulingana na maelezo ya kikaratasi chake, mradi joto lisizidi nyuzi 25 na isipigwe na mwanga. Joto la mchana Kigoma linapita hapo, kwa hiyo iache ndani ya boksi lake, chumba chenye ubaridi kuliko vyote, mbali na bati na dirisha. Usiende nayo kwenye mtumbwi wala usiifunge kwenye kona ya shati. Andika tarehe ya kuifungua juu ya boksi. Famasi pia uliza kama wana aina isiyohitaji friji, maana zipo. Nywele za kope zikirefuka na kuwa nyeusi zaidi, usishtuke, ni tabia ya dawa. Jicho likiuma au uoni ukififia ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Bibi yangu yuko Ujiji. Kila Ramadhani anaacha timolol mwezi mzima, anasema inafunguza. Akimaliza mwezi anaendelea. Kuna ubaya?
*Mjukuu, Ujiji*

JIBU: Upo, na ni mkubwa. Mwezi mzima presha ya jicho ikiwa juu, mshipa unaendelea kuumia, na kilichopotea katika Ramadhani hakirudi Idi ikifika. Kuhusu swaumu, mimi si mwanazuoni, ila haya yanajulikana: kwa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, kinachotiwa jichoni hakifunguzi, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliyataja matone ya macho miongoni mwa visivyofunguza, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Kile kidole kwenye kona ya jicho kinasaidia hapo pia. Mpeleke bibi kwa sheikh wake alisikie kutoka kwake.

Na kama moyo wake bado mzito, timolol yake ni ya mara mbili kwa siku, takriban saa 12 kati ya tone na tone. Atie moja wakati wa daku kabla ya adhana ya alfajiri, na jingine akishafuturu magharibi.