Novena endelea nayo, vidonge usiviache

Usiache vidonge! Mleta mada, nimesoma bandiko lako nikasema hapa sinyamazi. Unasema tangu mama yako afariki hulali, daktari kakuanzishia dawa za sonona, sasa mtu wa maombi anakwambia novena ya Bikira Maria, zile sala za siku tisa mfululizo, haichanganywi na vidonge, kwa hiyo kesho unaanza siku ya kwanza na dawa unazitupa. Halafu unauliza novena ipi inafaa, na nauli ya kutoka Mtwara mjini hadi Ndanda ni shilingi ngapi. Dada yangu, nauli baadaye.

Mimi za kwangu nilizitupa chooni, nisije nikashawishika kuzirudia. Mwanetu alikuwa ametutoka, nikawa mtu wa kushinda barazani, ugali unapoa mbele yangu. Hospitali walinipa vidonge vya usiku, wakasema nafuu itachukua wiki kadhaa na nisije nikaacha ghafla. Basi ghafla ndivyo nilivyoacha, kwa sababu jamaa mmoja kiongozi wa kikundi cha maombi alikuja nyumbani na karatasi ya fotokopi iliyofifia, akaniambia, "Mama hawezi kukushika mkono ulioshika kidonge." Nikaona maneno mazito kweli. Leo nikiyakumbuka natafuta kandambili ya kumrushia.

Siku ya tisa ikafika. Usingizi ndiyo ulikuwa umehama kabisa, kichwa kinazunguka, machozi yanatoka hata nikifunga kamba za viatu. Jamaa akasema nilisali kwa mashaka, nianze upya. Nikaanza upya! Na hapo ni Mei kuingia Juni, mikorosho inadai kupuliziwa salfa. Mtu wa Masasi hahitaji kuelezwa: maua yakitoka hujapuliza, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haukusubiri. Mashine imekaa stoo, mimi chumbani na rozari, maua shambani yamekuwa meupe kama yamemwagiwa unga, yakakauka yakapukutika. Kidogo kilichobaki mke wangu alikiuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kikiwa bado mtini, ili anilipie kitanda hospitali, maana mwisho wake nilibebwa. Wenzetu msimu ule wanaulizana bei ya mnada, sisi tunaulizana deni la nani lilipwe kwanza.

Na huyo jamaa? Nilimkuta dirisha la dawa, kadi ya kliniki ya presha mkononi. Nikamwambia tu, "Tumsifu Yesu Kristo." Akajibu "Milele amina" huku kadi inazama mfukoni. Kumbe presha yake Mama anakubali ichanganywe na vidonge, huzuni yangu ndiyo hapana!

Mnaojiandaa kuniita mpagani, ngojeni kwanza. Rozari yangu imechakaa kuliko zenu. Ila hayo mafundisho ya kutupa dawa si ya Kanisa. Fungueni Yoshua bin Sira sura ya 38, mtakuta mganga anatakiwa kuheshimiwa, na dawa ni Mungu aliyezitoa katika ardhi. Wamisionari Wabenediktini wa Ndanda waliweka abasia, yaani monasteri yao, na hospitali palepale, wagonjwa wanasikia kengele ya kanisa kutoka wodini. Hata Lourdes kule Ufaransa, ambako msichana Bernadette alitokewa na Bikira Maria mwaka 1858, ipo ofisi ya madaktari ya kuchunguza anayesema kaponywa, na miujiza iliyokubaliwa na Kanisa mpaka leo haijafika hata mia. Jirani yangu Mwislamu aliniuliza, "Kwani Bi Mariamu ndiye aliyekukataza hospitali?" Nilikosa jibu.

Bikira Maria amenisaidia, hilo silikatai. Ila si yule wa kwenye fotokopi, anayechukizwa na machozi eti ni imani haba. Paroko ndiye aliyenielekeza kwa Mama wa Mateso, yule wa tarehe 15 Septemba, aliyetabiriwa na Simeoni upanga utakaomwingia moyoni, akamtafuta mtoto siku tatu Yerusalemu, baadaye akasimama chini ya msalaba. Huyo kufiwa anakujua. Jumanne na Ijumaa tunasali matendo ya uchungu ya rozari mkekani, mimi na mke wangu. Tendo la tano, Yesu anakufa msalabani, mara nyingi mmoja wetu sauti inakatika katikati ya Salamu Maria. Mwingine anaendelea peke yake mpaka aliyekwama arudi. Hakuna anayemwambia mwenzake jikaze. Na kabla ya kukaa mkekani nimeshameza kidonge, ambacho siku hizi daktari mwenyewe ananipunguzia kidogokidogo.

Usiku yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri siku ya tisa wala kupambazuke. Mwamshe mtu humo ndani mwende hospitali saa hiyohiyo.

Kadi yako ya kliniki inasema urudi lini? Andika tarehe hapa tuione.