Granmasta wa wanawake na granmasta mwanamke: ni mtu mmoja?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Mikindani, na jioni nawasimamia wasichana wanaocheza sataranji. Tunachora bango ukutani lenye picha za wanawake waliotamba katika mashindano ya kimataifa. Juu yake niliandika "Mabingwa wa Kike wa Satalanji Duniani". Mwalimu mwenzangu anasema si "wa kike", ni "wa wanawake". Mwanafunzi mmoja naye kasema Judit Polgár, yule mchezaji wa Hungaria, haitwi bingwa wa dunia wa wanawake hata kidogo; tukacheka sote isipokuwa yeye. Mkuu wa shule kwa upande wake anataka tuandike "chesi". Nani mkweli?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mkweli ni huyo mwanafunzi ambaye hakucheka, na nitakuomba umwombe radhi kwa niaba ya darasa. Wewe na mwenzako mmebishania maneno mawili mkidhani yanagombea kiti kimoja, kumbe kila moja lina kiti chake, na kipo cha tatu ambacho hakuna aliyekikalia.

Tuanze na mwenzako. Mtu akifika Ligula pale hospitali akaulizia "daktari wa wanawake", ataelekezwa kwa daktari anayetibu maradhi ya wanawake, na huenda akamkuta ni mzee mwenye ndevu hadi kifuani. Akitaka daktari ambaye mwenyewe ni mwanamke, aulize "daktari mwanamke". Hakuna Mtwara nzima anayechanganya hayo mawili akiwa mgonjwa. Tunayachanganya tukishika kalamu. "Kocha wa wanawake" ni anayewafundisha wanawake. "Kocha mwanamke" ni mwanamke anayefundisha, hata kama timu yake yote ni wavulana. Kihusishi "wa" katika "wa wanawake" kinaonyesha mhusika wa jambo: nani anahudumiwa, nani anashindanishwa, uwanja ni wa nani. Hakimtaji mtu mwenyewe ni nani.

"Wa kike" ni habari nyingine. Hapo tuna shina -ke lililopewa ki- ya namna, ileile ya kitoto, kizee na kizungu. Kwa hiyo "-a kike" hutaja namna au aina: mavazi ya kike, sauti ya kike, jinsia ya kike. Mwanamume anaweza kuwa na sauti ya kike na asiwe na sauti ya wanawake. Wazee wetu waliuita mkono wa kushoto "mkono wa kike", na wa kulia "mkono wa kuume". Hawakuwa na maana kwamba wanawake ndio wenye mkono huo. (Kwa kuwa tumeshaingia kwenye ubao: kwa anayecheza na nyeupe, malkia husimama mkono wa kike wa mfalme. Wafundishe wasichana wako hivyo, hawatakosea kupanga.)

Siwezi kusema "mchezaji wa kike" ni kosa. Magazeti yanaliandika kila siku, na "mtoto wa kike" tunasema sote tangu leba. Ninachosema ni kwamba neno hili lina kivuli. "Kiume" limezoea kusifia, "kike" limezoea kubeza. Tunamwambia mtu "jikaze kiume", na tunamkemea mwingine "acha mambo ya kike". Niliwahi kumsikia mtangazaji wa redio akimsifia msichana aliyetoka kushinda kwamba "amecheza kiume kweli kweli". Masikini, alidhani anampa zawadi. Ukiandika "uchezaji wa kike", msomaji anaweza kuuona mchezo laini laini kabla hajamwona mchezaji. "Uchezaji wa wanawake" hauna kivuli hicho.

Sasa kwa nini mwanafunzi wako hakucheka? Kwa sababu katika sataranji tofauti hii imeandikwa kwenye kanuni, haikutokana na ukali wa walimu wa lugha. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, linatoa cheo cha granmasta ambacho hakibagui jinsia: mchezaji anapaswa kufikisha kiwango cha alama 2500 na kupata matokeo yanayotakiwa katika mashindano kadhaa. Pembeni yake, tangu 1976, kipo cheo kingine ambacho hupewa wanawake peke yao, na kiwango chake ni alama 2300. Hiki cha pili ndicho "granmasta wa wanawake". Mwanamke aliyekipata kile cha kwanza ni "granmasta", basi. Na ikibidi kumtaja jinsia, ni "granmasta mwanamke". Waliofika huko ni wachache, arobaini na kitu tu duniani kote. Ukimwita mmoja wao "granmasta wa wanawake" umemshusha cheo kwa herufi mbili. Ukimwita "granmasta wa kike" hujamshusha wala hujampandisha. Umemwacha msomaji akikisia, na gazeti halipaswi kuwa kitendawili.

Mfano mzuri kuliko wote ni Nona Gaprindashvili wa Georgia (ile nchi ya Kaukazi, si jimbo la Marekani). Alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake kuanzia 1962. Mwaka 1978 akanyang'anywa taji hilo na Mgeorgia mwenzake, Maia Chiburdanidze, msichana wa miaka 17. Na mwaka huohuo wa 1978, FIDE ikampa Gaprindashvili cheo kamili cha granmasta, mwanamke wa kwanza kukipata. Hebu jaribu kuieleza habari hiyo ukiwa na "wa kike" peke yake: "Bingwa wa kike aliyepoteza ubingwa wa kike akawa granmasta wa kike." Umeelewa nini? Mimi sijaelewa. Sasa iandike upya: "Alipoteza ubingwa wa wanawake, akawa granmasta." Sentensi fupi, na kila kitu kipo mahali pake.

Polgár naye ana lake. Alizaliwa Budapest mwaka 1976. Akiwa na miaka 12 alikuwamo katika timu ya wanawake ya Hungaria iliyochukua dhahabu kwenye Olimpiadi ya sataranji (mashindano ya timu za mataifa) ya 1988, kule Thessaloniki, Ugiriki. Mwaka 1991 akawa granmasta kamili akiwa na miaka 15 na miezi minne, akavunja rekodi ya umri iliyokuwa ya Bobby Fischer wa Marekani. Baadaye alifika nafasi ya 8 duniani, wanaume na wanawake wakiwa kwenye orodha moja. Lakini taji la dunia la wanawake, lile la mchezaji mmoja mmoja, hakuwahi hata kuliwania. Kwa hiyo mwanamke anayetajwa na wengi kuwa hodari kuliko wote waliowahi kucheza si bingwa wa dunia wa wanawake. Kiswahili kinatoa nafasi ya kulisema hilo bila kujikanganya, ilimradi tusiivuruge wenyewe. "Mwanamke hodari kuliko wote" ni kitu kimoja. "Bingwa wa wanawake" ni kingine, na huyo anajulikana kwa jina na tarehe: Vera Menchik alianza 1927, Hou Yifan wa China alilitwaa 2010 akiwa na miaka 16, na mwenzake Ju Wenjun amelishikilia tangu 2018.

Kuna kosa lingine ambalo halimo kwenye bango lako, ila litaingia mkiongeza maelezo, kwa kuwa nimelikuta mara nyingi kwenye habari za michezo. Olimpiadi ya sataranji ina sehemu mbili. Moja ni ya wanawake. Ya pili watu wanaiita "ya wanaume", na si hivyo. Ni sehemu ya wazi, anaingia yeyote. Polgár aliichezea Hungaria katika sehemu ya wazi, na mwaka 2002 na 2014 timu hiyo ikapata medali ya fedha. Mwandishi akiandika "timu ya wanaume ya Hungaria" halafu chini yake akaweka picha yenye Polgár, amejiumbua mwenyewe. Andika "timu ya wazi" au "mashindano ya wazi".

Mpangilio wa maneno nao una mitego, na hapa napenda kukaa kidogo maana ni utamu wa ngeli zetu. Soma: "mashindano ya dunia ya wanawake". Ile "ya" ya mwisho inamfuata nani? Yaweza kuwa mashindano, yaweza kuwa dunia, kwa sababu tunasema pia "dunia ya wanawake". Mtu mwenye utani atauliza hiyo dunia ya wanawake iko wapi, naye ahamie. Linganisha na "ubingwa wa dunia wa wanawake": dunia haipokei "wa", kwa hiyo "wa" ya pili inarudi kwa ubingwa bila kubishana na mtu. "Kombe la dunia la wanawake" hali kadhalika. Ngeli imetulinda. Lakini ukigeuza ukaandika "bingwa wa wanawake wa dunia", mtego unarudi: "wanawake wa dunia" wameshikana, na kwa baadhi ya masikio wanawake wa dunia si sifa njema. Kwa "mashindano", ongeza neno la kutenganisha: "mashindano ya wanawake ya kuwania ubingwa wa dunia". Ni refu, lakini halimchekeshi mtu.

Kwa sisi wa kusini kuna mzaha wa ziada. Shina "kongwe", ambalo katika Kiswahili ni mtu au kitu cha siku nyingi, katika Kiyao ni mwanamke. Mzee wa Masasi akisoma "mchezaji mkongwe" anaweza kupata maana mbili kwa bei ya moja. Gaprindashvili, aliyeendelea kutwaa mataji ya dunia ya wanawake wazee hata baada ya kutimiza miaka 80, ni mkongwe kwa lugha zote mbili.

Neno "mabingwa" lenyewe silipendi kwenye bango lako, maana picha zako, nadhani, si za mabingwa wote. Bingwa ni aliyeshinda shindano fulani, na kesho anaweza kuvuliwa. Granmasta amepewa cheo, nacho hakivuliwi kwa kushindwa. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyecheza Olimpiadi ya 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, ana cheo cha FIDE cha wanawake cha ngazi ya mwanzo, kandideti masta. Kumwita bingwa wa dunia ni kumzulia. Kumwacha nje ya bango ni hasara kwa wasichana wenu, maana huyu ni wa jirani. Hapo neno linalowabeba wote ni "wachezaji" tu. Wengine hupenda "magwiji", na sina ugomvi nalo, ila gwiji ni sifa, halina cheti. Wacheza bao wana neno tamu kuliko hayo yote: fundi. Bibi yangu alicheza bao uani kwake Lindi, kwa kuwa chini ya mwembe walikaa wanaume, na babu alipokuwa akitoka kufungwa huko barazani alirudi kufungwa tena nyumbani. Babu hakumwita bingwa wala bingwa wa kike. Alisema, "Yule fundi," akanyamaza. Laiti granmasta lingekuwa halijaenea, ningependekeza fundi mkuu. Limeshaenea, tuliache. Wingi wake ni magranmasta, na upatanisho ni wa watu: magranmasta hawa walicheza, si magranmasta haya yalicheza.

Neno jingine la magazetini: "mwanadada". Mwanadada Hou Yifan, mwanadada fulani. Sijawahi kusoma "mwanakaka Carlsen", yule bingwa wa zamani wa dunia. Basi.

Na wakati mwingine jinsia haihitajiki kabisa. Kiswahili hakina "yeye" mbili. "Polgár alimshinda Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia, jijini Moscow mwaka 2002, katika mchezo wa muda mfupi." Sentensi imekamilika, anayetaka kujua zaidi ataangalia picha ukutani.

La mkuu wa shule ni jepesi. "Chesi" si kosa, vijana wanalisema. "Sataranji" ndilo la zamani, limetufikia kwa Waarabu, nao walilipata Uajemi na Uajemi ililitoa India, likaja pamoja na "shaha", yaani mfalme wa ubaoni, ambaye sisi tukamfanya pia mkuu wa washairi. Mimi naandika sataranji. Mkuu akishikilia, mpe chesi, ila msiweke yote mawili kwenye ukuta mmoja.

Bango liandikwe hivi: "Wanawake Waliotamba Katika Sataranji ya Kimataifa". Chini ya kila picha weka cheo chake halisi: Nona Gaprindashvili, granmasta, bingwa wa dunia wa wanawake 1962–1978. Judit Polgár, granmasta. Phiona Mutesi, kandideti masta wa wanawake. Na fundi wa rangi akiwa bado yuko juu ya ngazi, mwambie sataranji ina r. Najua kwetu r na l hubadilishana viti bila kuaga, nami mwenyewe nilichapwa kwa hilo darasa la pili, lakini ukutani hapafutiki kwa mate.